Yohane Bosco: Mtakatifu Aliyefanya Mazingaombwe



Vijana wenzangu, kabla sijaanza niwape kisa kimoja. Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa kuongea na vijana wa parokia moja, Jumamosi jioni. Nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa, kichwa kimejaa. Nikaandaa kurasa sita juu ya uhuru wa mwanadamu. Kufika ukurasa wa pili, nusu ya ukumbi walikuwa kwenye simu, na kaka mmoja pale nyuma alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi. Nilipotoka nje nimenuna, nikakuta kijana mmoja, fundi pikipiki, amezungukwa na watoto wa Utoto Mtakatifu. Alikuwa anaficha sarafu ya shilingi mia kwenye kiganja halafu anaitoa kwenye sikio la mtoto. Watoto wasiopungua hamsini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia pembeni.

Nilimwendea paroko kulalamika. Mzee alicheka sana, akaniambia nikasome upya maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco, maana inaonekana mara ya kwanza nilisoma tarehe tu. Kweli bwana, nilikuwa nimesoma tarehe tu. Haya ndiyo niliyoyakuta nilipoyarudia.

Mtoto wa mjane

Yohane, kwa Kiitaliano Giovanni, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia ya leo. Familia yao ilikuwa ya wakulima wa hali ya chini. Baba yake, Francesco, alikufa kwa nimonia mwaka 1817, Yohane akiwa hata miaka miwili hajatimiza. Mama yake, Margherita, akabaki na bibi mgonjwa na watoto watatu wa kiume: Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa marehemu, halafu Giuseppe, halafu huyu Yohane. Na mwaka uleule njaa iliikamata nchi.

Mama Margherita hakujua kusoma wala kuandika. Ila alijua kusali, kulima na kulea. Alikataa kuolewa tena ili asiwaache watoto wake, na ukitaka kujua Don Bosco alijifunzia wapi upole wake, anza kwa huyu mama.

Yohane akiwa na umri wa miaka tisa hivi aliota ndoto ambayo hakuisahau mpaka kufa. Aliona kundi kubwa la watoto uwanjani, wanacheza, wanapigana, wanatukana. Yeye akawaingilia kwa ngumi ili awanyamazishe. Akatokea mtu mwenye sura tukufu, akamwambia kwamba hawa atawapata kwa upole na upendo, ngumi hazitafaa kitu. Kisha akaja Bibi mwenye mavazi ya kung'aa, na wale watoto wakageuka wanyama wakali, halafu wanyama wakali wakageuka wanakondoo. Mtoto akaamka na mikono inamuuma, kana kwamba kweli alikuwa anapigana.

Sasa fikiria wewe ni mtoto wa miaka tisa, maskini, huna baba, na umeambiwa uwapate wenzako bila ngumi. Utatumia nini? Pesa huna, cheo huna. Yohane alitafuta alichoweza kukipata. Akakipata mnadani.

Shule ya mnadani

Vijiji vya jirani vilikuwa na siku za gulio na sikukuu za somo wa kanisa. Huko walikuja watu wa sarakasi na wafanya mazingaombwe. Yohane alikwenda kuwaangalia, na hakuwaangalia kama watoto wengine. Alisogea karibu kabisa, akakazia macho mikono yao. Wengine walikuwa wanashangaa yai limetokea wapi. Yeye alitaka kujua mkono wa kushoto ulikuwa unafanya nini wakati kila mtu anaangalia wa kulia. Halafu anarudi nyumbani kufanya mazoezi, siku baada ya siku. Alianguka sana. Kutembea juu ya kamba hakujifunzwi bila kuumia.

Kiingilio alilipa mwenyewe. Alitega ndege akauza, alitengeneza vizimba na kofia za majani makavu, aliokota uyoga. Mama yake alijua yote hayo. Yohane alimwomba ruhusa na ushauri, na hakufanya lolote kwa siri.

Kisha akaanza maonyesho yake mwenyewe. Alikuwa na miaka kama kumi na moja hivi. Palikuwa na uwanja wa majani pale Becchi. Alifunga kamba kati ya miti miwili, akaweka meza, kiti na zulia. Jumapili jioni watu wakaja: watoto kwanza, halafu vijana, halafu wazee wenyewe. Wakati mwingine walizidi mia.

Hapa ndipo paroko wangu alitaka nisome polepole. Utaratibu wa Yohane ulikuwa hivi. Kwanza wote wanasali rozari. Wanaimba wimbo. Kisha anapanda juu ya kiti na kurudia homilia ya paroko ya asubuhi ile, kama alivyoikumbuka, na alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Baada ya hapo ndipo mambo yanaanza. Anameza sarafu, halafu anakwenda kuzitoa kwenye pua za watazamaji. Mayai yanaongezeka. Maji yanakuwa divai. Kuku aliyekatwakatwa anafufuka na kuwika vizuri kuliko mwanzo. Anapanda kamba, anatembea, anaruka, anacheza, ananing'inia kwa mguu mmoja. Mwishoni sala fupi, kila mtu nyumbani.

Aliyegoma kusali, au aliyetukana, hakuruhusiwa kuangalia. Huo ndio ulikuwa tiketi wake. Na watu waliulipa! Wanaume wazima wakulima walipiga magoti kwenye majani kwa sababu mtoto wa Margherita kasema bila rozari hakuna kamba.

Nilijiuliza: kwa nini walimkubalia? Wangeweza kumfukuza yule mtoto na kamba yake. Nadhani ni kwa sababu waliona kile kitu kimemgharimu. Walimwona akitega ndege. Walimwona na magoti yaliyochubuka. Hakuwaomba senti. Pia angalia ile sarafu, haitoki kwenye kofia ya mwanamazingaombwe, inatoka kwenye pua ya jirani yako, yule mzee mkali ambaye wewe humwogopa, na leo anacheka kama wewe. Mtu wa kijijini aliyekuja kutazama anajikuta yumo ndani ya mchezo, na hajadhalilishwa. Mimi kwenye zile kurasa zangu sita hakuna aliyekuwemo isipokuwa mimi.

Majira ya baridi, uwanja ukifunikwa na theluji, watu walikusanyika kwenye mazizi ya ng'ombe kwa sababu ya joto. Huko walimtaka Yohane awasomee hadithi. Alianza na kumaliza kwa ishara ya msalaba na Salamu Maria.

Miaka ya kuhangaika

Si kila mtu nyumbani alifurahi. Kaka yake Antonio aliona vitabu ni uvivu. Ugomvi ukawa mkubwa kiasi kwamba mwezi wa Februari 1828, katika baridi kali, mama alilazimika kumtoa Yohane nyumbani akatafute kazi. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Akapokelewa kuwa mfanyakazi kwenye shamba la familia ya Moglia, akakaa huko karibu miaka miwili.

Aliporudi, Novemba 1829, alikutana njiani na padri mzee, Giovanni Calosso, wakitoka kusikiliza mahubiri. Mzee akamwuliza kama ameelewa chochote. Yohane akayarudia mahubiri, wakiwa wanatembea. Padri alishangaa, akaanza kumfundisha Kilatini. Yohane akapata baba kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1830, Padri Calosso akafariki. Yohane alilia sana.

Mwaka 1831 akaenda kusoma katika mji wa Chieri, akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani. Ili alipe ada na chakula alifanya kazi nyingi, ikiwemo kuhudumu kwenye mgahawa wa kahawa. Pale Chieri akaanzisha na wenzake Chama cha Furaha. Sheria zilikuwa chache: mwanachama asiseme wala kutenda lisilomfaa Mkristo, na atimize wajibu wake wa shule na wa dini. Na awe mchangamfu, kwa sababu huzuni ya kununanuna haikuwa na nafasi mle. Vijana wa VIWAWA na TYCS, mnasikia?

Shindano

Ikatokea mwanasarakasi mmoja akahamia pale Chieri. Jamaa alikuwa na kipaji haswa. Tatizo ni kwamba maonyesho yake aliyafanya saa za ibada ya Jumapili, na vijana wote walikuwa wanamkimbilia yeye. Yohane akamwomba aahirishe kidogo tu, ibada iishe. Jamaa akamcheka. Maneno yakaenda yakarudi, mwisho ikawa dau: kukimbia mji kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa faranga 20. Yohane hakuwa na faranga 20, marafiki wakamchangia. Akashinda.

Jamaa akakasirika, akaongeza dau hadi 40, safari hii kuruka mfereji. Yeye alirukia ukingoni kabisa, mahali ambapo usingeweza kwenda mbele zaidi kwa sababu ya ukuta mdogo. Yohane akaruka, akaweka mikono juu ya ule ukuta, akapinduka hadi upande wa pili. Faranga 80: fimbo ya kiini macho. Yohane akaisimamisha kiganjani ikiwa na kofia juu yake, ikaruka kutoka kidole hadi kidole, ikapanda kiwiko, bega, kidevu, midomo, pua, paji la uso, halafu ikarudi njia ileile. Mwenzake alifika vizuri hadi kwenye midomo. Pua yake ilikuwa ndefu, fimbo ikagonga, akaishika isianguke. Mwisho, faranga 100, kupanda mti mrefu. Jamaa alipanda hadi mahali ambapo angeongeza kidogo tu tawi lingevunjika. Yohane akafika palepale, akashika mti kwa mikono, akainua miguu juu kichwa chini, miguu ikapita kilele.

Umati ulilipuka. Jamaa alikuwa amebaki hana kitu.

Sasa tulia hapa. Kijana wa miaka kama kumi na tisa, mji mzima unalitaja jina lake, adui yake yuko chini. Angeweza kummaliza. Yeye na wenzake walimwonea huruma, wakamrudishia fedha zake, kwa sharti moja: awanunulie chakula cha mchana kwenye mgahawa. Wakala wote pamoja, na yule mtu akaondoka na karibu fedha zake zote, anashukuru, anaapa kwamba na wanafunzi hawekeani dau tena.

Watazamaji walimpenda Yohane kwa fimbo na mti, lakini nadhani wenzake walimwamini kwa sababu ya ule mlo. Hayo mawili yanatofautiana sana. Kuna watu tunawashangilia ambao hatuwezi kuwaambia siri zetu.

Wakamwita mchawi

Mazingaombwe yake yalizidi kuwa mazuri hadi yakaleta matata. Mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, Tommaso Cumino, alikuwa Mkristo mwema na mpenda utani. Siku moja alipika kuku kwa ajili ya wapangaji wake. Akaleta sahani mezani, kufunua, akaruka jogoo mzima anawika. Siku nyingine alichemsha sufuria ya tambi, na alipokwenda kupakua akakuta pumba kavu. Divai kwenye chupa ikawa maji. Fedha kwenye mfuko zikawa vipande vya bati lenye kutu. Mzee wa watu akaogopa. Binadamu hawezi kufanya haya, akawaza, na Mungu hapotezi muda kwa vitu kama hivi, basi ni shetani. Akaenda kumwambia padri.

Habari zikafika kwa Kanoni Burzio, mkubwa wa mapadri pale mjini. Akamwita Yohane na kumhoji kwa uzito. Yohane alimjibu kwa adabu, akaomba dakika chache, kisha akamwuliza ni saa ngapi. Kanoni akatia mkono mfukoni: saa haipo. Akamwomba sarafu ndogo. Kanoni akatafuta mkoba: haupo. Akaghadhabika, akaona kumbe ni kweli, huyu kijana ana mkataba na shetani.

Ndipo Yohane akafanya jambo ambalo wanamazingaombwe hawalifanyi. Akaeleza. Alipoingia, Kanoni alikuwa anampa maskini sadaka, akauacha mkoba kwenye kiti cha kupigia magoti. Halafu alipokwenda chumba cha pili akaiacha saa juu ya meza ndogo. Yohane alivichukua vyote viwili akavificha chini ya kifuniko cha taa. Akainua kifuniko, vitu vikawa hapo. Kanoni akacheka, akaomba kuona zaidi, akampa na zawadi kidogo.

Naomba nikae hapa, maana kwetu hili si jambo la kuchekesha tu. Tunaishi mahali ambapo neno mchawi linaweza kumuua bibi kizee. Na tunaishi wakati ambapo mtu anaweza kusimama jukwaani, akafanya kiini macho cha kawaida kabisa, akakiita muujiza, na mama mjane akatoa akiba yake yote. Kanisa linatufundisha wazi katika Katekisimu, namba 2116 na 2117, kwamba uaguzi na uchawi ni kinyume cha ibada kwa Mungu. Yohane hakuwa karibu na hayo hata kidogo. Yeye alikuwa na mikono myepesi na macho makali, basi. Tofauti yake na tapeli haikuwa kwenye mikono, kwa sababu mikono ya tapeli inaweza kufanya yaleyale. Yohane aliyaita mambo kwa majina yake, na alipoona mtu anaogopa kweli, aliinua kifuniko cha taa. Hakukubali hofu ya mtu imjengee jina.

Sisi tuliosoma falsafa tunafundishwa kwamba falsafa ilianza na mshangao. Aristotle ndivyo alivyosema. Sawa. Ila upo mshangao unaokufanya uulize, na upo unaokufanya uache kuuliza. Kijana Mkatoliki, anayekushangaza halafu anakukataza kuuliza, mwangalie vizuri.

Kanzu

Tarehe 25 Oktoba 1835 Yohane alivaa kanzu ya useminari. Akaandika maazimio saba. Mawili ya kwanza ndiyo yaliyonigusa mimi kama mfrateri: aliazimia kuacha minada na maonyesho ya hadhara, kuacha mazingaombwe, sarakasi na kamba, kuacha kupiga fidla, kuacha uwindaji. Vyote alivyovipenda.

Alipokuwa bado mvulana alikutana na mseminari kijana, Giuseppe Cafasso, amesimama mlangoni mwa kanisa siku ya sikukuu ya kijiji. Yohane akajitolea kumtembeza akaone michezo. Cafasso akamjibu kwa upole kwamba michezo ya watu wa altare ni ibada za kanisani. Yohane hakukubaliana naye siku ile. Sasa kanzu imevaliwa, na neno likarudi.

Si kwamba ilikuwa rahisi. Akiwa tayari mseminari, alialikwa na mjomba wake kwenye sikukuu ya kijiji. Baada ya chakula wakamwomba sana apige fidla kidogo. Akapiga. Mara akasikia vishindo vya miguu nje. Kuchungulia, watu wanacheza dansi uwanjani. Wakati ule mapadri walikuwa wakali sana juu ya dansi za hadhara, na yeye mwenyewe alikuwa amezikemea. Akaona mdomo wake unasema hivi na mkono wake unafanya vile. Aliporudi nyumbani aliikanyaga fidla yake mpaka ikawa vipande vipande.

Nilipoisoma hii mara ya kwanza niliona ni kuzidisha. Fidla ina kosa gani? Sasa naona kidogo. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi hajui tena kama anamtumikia Mungu au makofi. Mimi najua kupiga kinanda, na walezi wangu wamewahi kuniuliza vijana wanakuja kwa ajili ya nani. Sikupenda lile swali, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikulipenda.

Na Mungu hakumnyang'anya moja kwa moja. Baadaye, akiwa padri, zile sarafu na mayai vilirudi uani, mbele ya watoto wasio na baba. Ila alikuwa ameshajua anaweza kuishi bila hivyo.

Unaweza kupiga mluzi?

Alipadrishwa mjini Turin tarehe 5 Juni 1841. Cafasso, sasa padri na mlezi wake, akampeleka magerezani, na kule Don Bosco akawakuta vijana wadogo ambao hakuna aliyewasubiri nje. Turin ilikuwa imejaa watoto waliotoka vijijini kutafuta vibarua vya ujenzi.

Tarehe 8 Desemba mwaka uleule, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikuwa sakristia anavaa kwa ajili ya Misa. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, alikuwa ameingia mle kujikinga na baridi. Sakristani akamwambia atumikie Misa, naye hakujua, basi akapigwa na ufagio akafukuzwa. Don Bosco akaagiza arudishwe mara moja kwa sababu yule ni rafiki yake, ingawa hakuwahi kumwona maisha yake yote.

Baada ya Misa wakakaa. Don Bosco akamwuliza kama wazazi wapo: wamekufa. Kama anajua kusoma: hajui. Kuandika: hajui. Kama amepokea Komunyo ya kwanza: bado. Kama anahudhuria mafundisho: anaona aibu, maana watoto wadogo wanajua kuliko yeye. Kila swali jibu hapana, kichwa kinazidi kuinama. Inasimuliwa kwamba ndipo Don Bosco akamwuliza kama anaweza kupiga mluzi. Kijana akatabasamu. Mluzi aliweza!

Kwangu mimi lile ndilo onyesho kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Yule mtoto wa Becchi aliyekuwa anatoa sarafu kwenye pua za watu, sasa ametoa tabasamu kwenye uso wa yatima aliyetoka kupigwa. Alitafuta kitu kimoja ambacho yule kijana alikuwa nacho tayari, akaanzia hapo. Wakasali Salamu Maria, wakajifunza ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli akarudi na wenzake.

Kundi likakua hadi mamia, na kila mahali wakafukuzwa kwa sababu ya kelele. Baadhi ya mapadri wakaona Don Bosco amechanganyikiwa na ndoto zake za nyumba na warsha. Wawili wakaja na gari la farasi wampeleke hospitali ya vichaa. Don Bosco akawaelewa mapema, akawasihi kwa heshima watangulie kupanda, kisha akaufunga mlango na kumwambia dereva aende haraka, wanasubiriwa. Mikono ilikuwa bado myepesi!

Siku ya Pasaka, 12 Aprili 1846, wakapata banda la Bwana Pinardi kule Valdocco. Miezi michache baadaye Don Bosco akaugua karibu kufa kwa uchovu. Vijana wale wa vibarua wakasali na kufunga kwa ajili yake. Akapona. Novemba akarudi Turin kwa miguu akiwa na mama yake, aliyeacha nyumba yake na wajukuu ili awe mama wa watoto wa mtaani. Mama Margherita alifia huko, Novemba 1856.

Valdocco ikawa na shule, warsha za washonaji, washona viatu, maseremala na wapiga chapa. Padri wa watoto mamia angeweza kubaki jukwaani. Don Bosco alikuwa na desturi mbili ndogo. Usiku kabla ya kulala, maneno ya dakika mbili tatu kwa wote, basi. Na mchana, uani, katikati ya mpira na vumbi, alipita akamnong'oneza kijana mmoja neno moja sikioni. Neno la huyo tu. Vijana wale walikumbuka neno lile hadi uzeeni.

Mwaka 1859 alianzisha Shirika la Wasalesiani. Mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, Shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo. Mwaka 1875 aliwatuma wamisionari wa kwanza Argentina. Mwaka 1884, amechoka kabisa, aliandika kutoka Roma barua ndefu kwa nyumba yake: aliwakumbusha walezi kwamba kumpenda kijana hakutoshi, kijana mwenyewe lazima aone kwamba anapendwa, na ataona pale mlezi anapopenda anavyovipenda yeye.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, ana miaka 72. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, 1 Aprili 1934. Wanamazingaombwe Wakatoliki humwona kama msimamizi wao. Wanawe walifika Lubumbashi mwaka 1911, na mwaka 1980 wakafika kwetu Tanzania, Iringa na Dodoma. Ukipita leo kwenye uwanja wowote wa Don Bosco, utakuta mpira, vumbi, karakana, na kanisa upande wa pili.

Kwa ajili yetu

Jumamosi iliyofuata niliacha zile kurasa chumbani. Nilimtafuta yule fundi pikipiki, nikamwomba anifundishe ile ya sarafu. Mpaka leo inanidondoka. Watoto wananicheka, na siku hiyo yule kaka aliyekuwa amelala alibaki nyuma kuniambia kwamba baba yake ni mgonjwa na yeye hulinda usiku, ndiyo maana alisinzia. Nilikuwa nimemnunia wiki nzima.

Tujiulize wiki hii:

1. Kipaji changu, iwe kuimba, kuchekesha, kucheza au kutengeneza video, kinawaacha watu wananiangalia mimi, au kinawasogeza hatua moja kwa Mungu?
2. Nikishinda, aliyeshindwa anabaki na nini?
3. Nani katika jumuiya yangu amejibu hapana mara nyingi mno, na mimi sijamwuliza kama anaweza kupiga mluzi?

Tusali. Ee Mungu, uliyemjalia Yohane Bosco mikono myepesi na moyo mzito wa upendo kwa vijana, utusaidie kukutolea furaha zetu, na hata kuziacha ukituomba. Utufundishe kumwona mwenzetu kabla hatujataka atuone. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.